Safari ya Pili ya Italia: Miji Tuliyoichagua na Miji Tuliyoiacha



Ndugu zetu, mama zetu na dada zetu wasomaji wa ukurasa huu wa familia. Mwaka uliopita Mwenyezi Mungu alituruzuku safari ya Italia, kumzuru binti yetu aliyeolewa na kijana wa Malindi mwenye kufanya kazi katika mji wa Brescia, kaskazini ya nchi hiyo. Kwa watu wa pwani jambo hili si geni. Waitalia wamekaa nasi Malindi na Watamu miaka mingi, na vijana wetu wamekisema Kiitalia mahotelini na ufuoni kabla ya kuiona Italia yenyewe. Wengine wamehamia huko na jamaa zao, na sasa wazee waliobaki wanaalikwa kwenda kuwaona wajukuu.

Ndiyo maana kila tutokapo msikitini hatukosi kuulizwa: mtu akijaaliwa kufika Italia, aende miji gani? Sisi wenyewe tunajiandaa kwa safari ya pili, na tumekaa usiku kadhaa na ahali yetu kuchagua. Tunawaletea tuliyokubaliana, pamoja na lile tulilokhitalifiana, kwani huenda likamfaa mwengine.

Kosa la safari ya kwanza

Safari ya kwanza tuliifanya kama mtu aliyealikwa karamuni akataka kuonja kila sahani. Kwa siku tisa tulipita Milano, Venezia, Firenze na Roma. Tulisali kwa kupunguza na kukusanya, kwa ruhusa aliyopewa msafiri, na kwa hilo twashukuru. Lakini tuliporudi tulijikuta tunazijua nambari za majukwaa ya treni kuliko majina ya mitaa tuliyoipita.

Venezia ina madaraja zaidi ya 400, na mengi yao yana ngazi. Ahali yetu, ambaye magoti yamekuwa yakimuuma miaka kadhaa, alivuka madaraja ishirini, akaketi juu ya la ishirini na moja. Akatwambia, “Maalim, hatujaona kitu. Tumehesabu vituo tu.”

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumejiwekea kanuni: mji ukistahiki kuzuriwa, basi upewe siku nne, usipostahiki siku nne, na uachwe. Kwa kanuni hiyo Milano tumeiacha, na Firenze pia, ingawa ni mji mzuri usio na shaka. Dunia ni pana kuliko umri wa mtu, na kuacha nako ni katika kuchagua.

Liko jambo la pili katika hesabu hii. Nusu ya nauli ya safari ijayo inatoka katika akiba ya ahali yetu, aliyoikusanya kwa mahamri na kaimati anazopika alfajiri. Mali ya mke ni mali yake. Mume hana haki ya kuipangia njia. Kwa hivyo katika kuchagua miji yeye hakuwa mshauri tu. Alikuwa mshirika mwenye neno lake.

Swali la mjukuu

Mjukuu wetu wa Brescia ana miaka tisa. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiitalia, na Fatiha yake ina lafudhi ya Malindi, alhamdulillahi. Siku moja tulipokuwa tukimrejesha kutoka skuli alituuliza, “Babu, kweli sisi tumekuja juzi?” Tukamuuliza aliyasikia wapi maneno hayo. Akasema mtoto mwenzake amemwambia kwamba watu kama yeye wamekuja Italia juzi tu, na hapo si pao.

Watoto hurudia waliyoyasikia kwa wakubwa, na wala hatumlaumu yule mtoto. Lakini tuliona aibu, kwa sababu tuliosoma miaka yote ile tulimjibu mjukuu kwa kumnunulia barafu ya malai. Tuliporudi nyumbani pwani tukafungua vitabu. Na kadiri tulivyosoma ndivyo orodha ya miji ya kuizuru ilivyobadilika. Hatukuwa tunatafuta tena miji yenye picha nzuri. Tulikuwa tunatafuta jibu la mtoto.

Tukaandika Palermo ya kwanza, kisha Lucera, kisha Mazara del Vallo. Tukamsomea ahali yetu orodha hiyo kwa furaha, na tukamweleza kwamba Waislamu waliingia Sicilia tangu mwaka 827, kwamba waliitawala Palermo tangu mwaka 831 hadi ilipochukuliwa na Wanormani mwaka 1072, na kwamba mjukuu wetu akiyajua hayo hatajiona mgeni tena.

Yeye alikuwa akipepeta mchele. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na yule mtoto wa jirani yao, Mwafrika asiye na wazee waliotawala huko, tumwambie nini? Yeye aendelee kuambiwa kaja juzi?”

Akaendelea: “Maalim, mgeni ana haki yake hata akiwa kaja leo asubuhi. Si wewe uliyetufundisha?”

Ndugu msomaji, tulinyamaza. Tulikuwa tumemwandalia mtoto nasaba, naye ahali yetu alikuwa anamwandalia haki. Elimu ya yaliyopita ina faida kubwa, lakini mtu asipewe heshima kwa sababu mababu walitangulia kufika, tena kufika kwenyewe kulikuwa kwa majeshi na kuondoka kulikuwa kwa majeshi. Usiku ule tukaipanga orodha upya, na mji uliokuwa wa tatu ukawa wa kwanza.

Mazara del Vallo: mji wa kwanza

Mazara ni mji wa wavuvi magharibi ya Sicilia, ukielekeana na Tunisia ng’ambo ya bahari. Hapo ndipo jeshi la mwaka 827 lilipotua, likiongozwa na Asad bin al-Furat, kadhi wa Kairouan, mwanachuoni aliyesoma kwa Imamu Malik. Alifariki mwaka uliofuata katika mazingiwa ya Siracusa. Na sisi tuliokaa mikekani madrasani tunalijua jina la mji huu bila ya kujua kuwa tunalijua. Kila tulipopitia sherehe ya Imamu Nawawi juu ya Sahihi Muslim, tulikutana na al-Mazari, akitajwa tena na tena. Huyo ni Imamu Muhammad bin Ali al-Mazari, faqihi wa Kimaliki aliyefariki mwaka 536 Hijria, sawa na 1141, na nisba yake ni ya mji huu wa Mazara. Miaka thelathini tumelitamka jina lake tukidhani ni la mahali fulani Uarabuni.

Lakini sababu iliyoutanguliza mji huu si hiyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Watunisia wamekwenda Mazara kufanya kazi katika mashua za uvuvi, wakakaa katika mtaa wa kale uitwao Kasbah, wenye vichochoro vinavyopindana kama vya Mji wa Kale wa Mombasa na vya Lamu. Muitalia na Mtunisia huingia chombo kimoja, wakavuta wavu mmoja. Mwaka 2020 wavuvi 18 wa mji huo walikamatwa baharini wakazuiwa Benghazi, Libya, kwa siku 108. Walikuwamo Waitalia, Watunisia, Wasenegali na Waindonesia. Khofu ile iliingia nyumba za Waislamu na za Wakristo kwa pamoja, na furaha ya kurudi kwao ikawa vivyo hivyo.

Tunataka mjukuu wetu atembee gatini asubuhi mashua zikirudi. Hapo hatakuta fahari ya wafalme. Atakuta watu waliokuja juzi kweli, wakafanya kazi, na mji ukawa wao pamoja na wenyewe.

Palermo: mji wa pili

Kutoka Mazara hadi Palermo ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Palermo tumeipa siku zake nne, kwa sababu ya mambo manne.

La kwanza ni kitabu. Katika kasri la Mfalme Roger wa Pili, Mkristo wa Kinormani, alikaa mwanachuoni Mwislamu, Sharif al-Idrisi, akamwandikia kwa Kiarabu kitabu kikubwa cha jiografia kilichokamilika mwaka 1154. Humo ametaja pwani yetu ya Zanj, na ndani yake Malindi na Mombasa, akieleza habari za uwindaji, uvuvi na chuma. Tafakarini, ndugu zetu: jina la Malindi liliandikwa Palermo zaidi ya miaka 850 iliyopita. Na ramani za al-Idrisi zimeweka kusini juu, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Kiislamu zama hizo, hata Afrika ikakaa kichwani na Ulaya miguuni.

La pili ni majengo. Katika kasri hilo hilo liko kanisa dogo la mfalme, ambalo dari yake ya mbao imechongwa kwa ufundi wa muqarnas na kuandikwa kwa khati ya Kikufi. Nje ya kanisa kuu la mji, katika baraza ya kusini, imesimama nguzo yenye aya ya Suratul-A’raf. Mwenye kwenda asitarajie msikiti hapo. Ataona tu jinsi mikono ya mafundi inavyobaki baada ya dola kuondoka.

La tatu ni jiwe la kaburi. Kasri la Zisa, ambalo jina lake limetokana na neno la Kiarabu al-Aziza, sasa ni makumbusho. Ndani yake mna jiwe la mwaka 1149 ambalo kasisi mmoja wa mfalme, Grisandus, alimwekea mama yake, Anna. Limeandikwa kwa hati nne: ya Kiyahudi, ya Kilatini, ya Kigiriki na ya Kiarabu. Mtoto alitaka kila mpita njia, wa dini yoyote, aweze kulisoma jina la mama yake. Ahali yetu aliposikia habari hiyo alisema hili ataliona hata kwa kubebwa.

La nne ni la mama zetu hasa. Msafiri Ibn Jubayr alifika Palermo mwaka 1184 akirudi kutoka Hijja, baada ya chombo chake kuvunjika karibu na Messina. Aliwaona wanawake wa Kikristo wa mji huo, siku ya sikukuu yao, wametoka kwa vazi la wanawake wa Kiislamu: wamejifunika, wametia hina na manukato. Leo binti zetu huambiwa kuwa kujisitiri ni ugeni katika Ulaya. Ilipata kuwa ndiyo mtindo wa Palermo.

Na lugha yao bado inasimulia. Aina moja ya zabibu za Sicilia huitwa zibibbo. Birika la kumwagilia shamba ni gebbia, kutokana na jabiya. Zafarani yetu kwao ni zafferano, na sharubati yetu ni dada yake sorbetto.

Miji ya siku moja

Kanuni yetu ya siku nne ina ruhusa moja: mji ulio karibu na nyumba ya binti unaweza kuzuriwa kutwa. Venezia ni chini ya saa mbili kwa treni kutoka Brescia. Safari hii hatutavuka madaraja. Tutapanda mashua ya abiria na kwenda kuona mbele ya Fondaco dei Turchi, jumba walilopewa wafanyabiashara wa Kiothmani tangu mwaka 1621, lenye jina lililotokana na neno funduq. Katika mji huo pia ndiko msahafu ulikochapwa kwa mashine mara ya kwanza, yapata mwaka 1537 au 1538, na jamaa ya Paganini. Ulikuwa na makosa mengi ya herufi, na nakala moja tu ndiyo inayojulikana kubakia, katika maktaba ya watawa. Mwenye kwenda ajue kuwa tangu mwaka 2024 wageni wa kutwa hutozwa ada katika baadhi ya siku.

Wenye watoto wapendao hesabu tunawausia Pisa. Wengi huenda kuutazama mnara ulioinama. Wamtafute pia Leonardo Fibonacci, mtoto wa mfanyabiashara wa Pisa, aliyejifunza nambari za Kihindi huko Bejaia, Algeria, akaziandikia kitabu mwaka 1202. Neno sifuri tunalolitumia madukani mwetu ndilo neno lile lile alilolipeleka kwao.

Roma tutapita kwa ajili ya Ijumaa moja. Msikiti wake mkuu, uliochorwa na Paolo Portoghesi pamoja na wenzake, ulifunguliwa mwaka 1995. Nguzo zake hupanda na kutawanyika juu mfano wa mitende.

Lucera: mji tuliouahirisha

Hapa ndipo tulipokhitalifiana. Katika miaka ya 1220 Mfalme Frederick wa Pili alianza kuwahamisha Waislamu wa Sicilia na kuwakalisha Lucera, katika jimbo la Puglia. Walikaa huko vizazi vitatu, wakilima, wakifanya ufundi na kumtumikia mfalme vitani. Mwaka 1300 Mfalme Charles wa Pili aliuvunja mji wao, na watu wake wakauzwa utumwani. Ngome kubwa ingali imesimama nje ya mji.

Sisi tulitaka mjukuu apaone, kwani historia haisomwi nusu. Ahali yetu akasema mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa hapo si pake hapelekwi mahali ambapo watu kama yeye waliuzwa. Tulipinga siku mbili. Siku ya tatu tukakubali. Lucera tutakwenda atakapofika miaka kumi na mitano, ikiwa Mungu atatubakisha. Na asipotubakisha, tumemwandikia wasia babake ampeleke.

Ya kuzingatia kabla ya safari

Kwanza, asiyehiji naye ana uwezo, au mwenye deni lililofika wakati wake, Italia na isubiri.

Pili, viza. Viza ya Schengen humruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku kumi na tano kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Msingoje dakika ya mwisho.

Tatu, sala. Kwetu Mombasa kibla kiko kaskazini, hata wazee huiita kaskazini yenyewe kibla. Italia utaelekea kusini-mashariki. Mwezi wa sita, huko kaskazini, Isha huingia karibu na saa tano za usiku. Mpangieni mtoto usingizi wa mchana.

Nne, chakula. Jifunzeni maneno matatu: maiale ni nguruwe, strutto ni mafuta yake, na vino ni mvinyo. Strutto huingia katika baadhi ya mikate, na maganda ya cannoli, vitamu mashuhuri vya Sicilia, kwa desturi hutiwa mafuta hayo pamoja na mvinyo. Samaki ni wengi. Trapani hupika kuskusi ya samaki, na Palermo wana panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ndugu wa bajia zetu. Ulizeni tu mafuta yamekaangiwa nini kabla yake.

Tano, mavazi. Buibui na mtandio havikumletea ahali yetu taabu yoyote. Mwenye kuvaa nikabu ajue kuwa iko sheria ya mwaka 1975 inayokataza kuficha uso hadharani bila ya sababu, na jimbo la Lombardia haliruhusu uso uliofunikwa katika hospitali na ofisi zake. Aulize wenyeji kabla ya kusafiri.

Sita, twahara. Hili litawafurahisha. Sheria ya Italia, tangu mwaka 1975 huo huo, imetaka kila nyumba iwe na bideti, beseni la kujitahirisha kwa maji. Katika jambo la istinjai hamtakuwa wageni hata kidogo.

Tumalizie

Wiki iliyopita tulimpigia simu mjukuu, tukamweleza habari za al-Idrisi na ramani yake. Akatuuliza mara mbili kama ni kweli Malindi imo, na kama ni kweli iko juu. Tukamwambia imo, na iko juu. Kisha bibi yake akachukua simu akamuuliza, “Na yule rafiki yako aliyesema mmekuja juzi, mngali mnacheza pamoja?” Akajibu kwamba wanacheza. Bibi akamwambia, “Basi siku tukija, mlete nyumbani ale kaimati.”

Maandalizi yetu yamefika hapo: akiba ya nauli inaendelea kuwekwa kidogo kidogo, Mazara ya kwanza, Palermo ya pili, na sahani moja zaidi ya kaimati. Atakayejaaliwa kufika Mazara kabla yetu, tunamuomba atuletee habari zake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, na atujaalie sote safari njema na marejeo ya salama. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.